Picha ya Pili ya Papa Tulia

Nianze na upumbavu wenyewe, juu nisipousema miye, dada yangu Neema atausema, na yeye anajua kuongeza chumvi. Asubuhi ile redio iliposema watu wa Goma watoke waende upande wa Sake, mama alinituma chumbani kwake nichukue sanduku la bati lenye picha. Nililichukua. Lakini kwanza nilimwaga picha zote juu ya kitanda, nikatandika majani ndani, nikaweka simbiliki wangu watatu, wale wanyama wadogo kama panya asiye na mukia ambao watoto wa kwetu wanafuga chini ya meza ya jikoni. Kutu ilikuwa imeshatoboa sanduku pembeni, kwa hiyo hewa ilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilikuwa nimepiga hesabu ya mutu mwenye akili: picha hazipumui, simbiliki wanapumua, moto wa mulima ukishuka tena, nani kati yao atalia? Hesabu hiyo nimeirudilia mara nyingi. Hata leo, niko mwaka wa mwisho wa sekondari na ninasoma mambo makubwa kuliko hayo, ninaona bado inasimama vizuri. Ni mama tu ambaye haikumuingia.

Ninaandika haya kwa sababu ya Mama Kavira, muuza makala, yale makaa ya kupikia, wa Mabanga, ambaye tumemuzika juzi. Kwetu, mutu akifa, wanatafuta padri, wanatafuta viti vya plastiki, halafu wanatafuta picha, na picha ndiyo inaleta kelele. Lazima iwe kubwa, iwe na fremu, ikae kwenye meza mbele ya watu, na siku ya kuzika mutoto wa marehemu anaipakata mbele ndani ya gari. Kilio bila picha ni kama kilio cha mutu wa kuokotwa. Mwana mukubwa wa Mama Kavira alinipata kwenye mulango wa shule, macho mekundu. Akaniambia, «Dieume, mama aliniambia foto ulizomupiga na telefone ziko kwako. Aliniambia tena usilete ile nzuri.» Nilijua anataka ipi. Na nilipoiona kwenye ile meza, kubwa kama dirisha, Mama Kavira mudomo wazi, makala hadi kwenye nyusi, simbiliki mumoja amekaa juu ya paja lake kama askofu, watu wakilia na kucheka kwa pumuzi moja, nikaukumbuka mwaka ule wote. Mambo ya ukoo wangu sitayaleta hapa. Hata kwenye kilio watu wanaanza kusinzia yakianza.

Basi tuko Sake, mwaka wa volkano. Tulikuwa tumetembea toka Mabanga hadi Mugunga, tukapita njia ya Lac Vert, muji muzima barabarani na magodoro kichwani, ardhi ikitetemeka chini yetu kila mara kama mutu anayekunja miguu usingizini. Tulipewa kipande cha darasa katika shule moja, kati ya ubao na dirisha. Mama alikuwa na desturi yake: tukilala mahali ambapo si kwetu, anatoa picha ya Koko, mama yake, anaiegemeza kwenye ukuta, na hapo panakuwa nyumba. Nilijua desturi hiyo. Ningeapa kwamba nilikuwa nimeisahau. Akaweka sanduku mbele ya watu wote, akafungua, na simbiliki wangu mukubwa akatoa kichwa na kumuangalia.

Muzee mumoja aliyekuwa ameketi kwenye pupitre, dawati la wanafunzi, akauliza polepole, «Mama, hii njo familia yenu?»

Darasa lote likacheka. Watu ambao hawakuwa wamecheka toka usiku wa moto walicheka hadi wakashika mbavu, na miye nikaona hapo mahali pa kuongeza, nikasema, «Huyu wa mbele njo anafanana na papa.» Wakacheka tena. Mama hakucheka na hakukasirika. Alifunga kifuniko taratibu, akaacha upenyo wa hewa, akatoka, na akarudi na majani mukononi kwa ajili ya simbiliki. Hakuniambia neno. Nilikuwa nimezoea fimbo ya mama, nilikuwa nimezoea mudomo wake, lakini ile kunyamaza sikujua niishike wapi. Nikajiambia kesho atasema. Kesho hakusema.

Tuliporudi Goma, lava haikuwa imefika kwetu. Wezi ndio walifika. Walikuwa wamebandua manjanja, mabati ya paa, upande wa chumba cha mama, na mvua ikakaa juu ya kitanda siku zote tulizokuwa mbali. Picha nilizomwaga zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kama mukate uliotumbukia kwenye chai. Mutu mwenye akili angeacha hapo. Miye nikaleta pasi ya makala. Nilifikiri zikikauka zitaachana, na kweli ziliachana, kila moja na ngozi ya mwenziwe. Ya Koko ilitoka nusu. Kuanzia kiuno kushuka ilibaki: kitenge cha mbayuwayu, miguu miwili ndani ya maji ya ziwa, na mukono mudogo wa mama, akiwa bado binti, umeshika vidole viwili vya Koko. Juu ya kiuno, karatasi nyeupe. Neema aliangalia, akasema, «Umemuua Koko mara ya pili.» Koko alikufa mbele nizaliwe, na ile picha ndiyo ilikuwa sura yake peke yake duniani. Niliijua vizuri: mwanamuke amekunja uso mbele ya ziwa kama aliyeitwa mbele ya jaji wa tribunali. Mama alichukua ile nusu, akaifuta kwa pembe ya kitenge chake, akairudisha ndani ya sanduku. Hata siku hiyo hakusema kitu.

Nyuma ya ile nusu kulikuwa na muhuri wa zambarau: Studio Papa Tulia, Mabanga. Nilipita mbele ya nyumba hiyo kila siku. Ilikuwa ya mbao nyeusi, na palikuwa panauzwa makala.

Nilimukuta Mama Kavira ameketi juu ya bido, dumu la plastiki, iliyogeuzwa, anamutukana dereva wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyemuletea gunia lenye mawe chini. Nikangoja amalize, na hiyo ni heshima kubwa kwangu. Halafu nikamuonyesha miguu ya Koko.

«Miguu hii ni ya nani?»

«Ya koko yangu, mama. Ninatafuta sehemu ingine.»

«Sehemu ingine ilienda wapi?»

Nilikuwa nimepanga uongo muzuri juu ya wezi. Lakini alikuwa ananiangalia na lile jicho la kuona mawe chini ya gunia, nikajikuta nimesema yote, simbiliki, pasi, yote. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na akacheka hadi wateja wakageuka.

«Ingia, mupumbavu wangu,» akasema. «Volkano ya kwanza, miye niliacha sufuria, niliacha unga, niliacha hata viatu vya watoto. Nilibeba beseni ya negatifu, filamu za picha za bwana yangu, juu ya kichwa mupaka Gisenyi. Watu wanauliza, ‹Mama, umebeba chakula?› Ninawaambia, ‹Nimebeba watu.› Watoto yangu wako wanalia njaa, na miye niko na beseni ya watu.»

Bwana yake alikuwa ameshakufa miaka mingi. Jina lake la kweli sikulijua. Muji wote ulimuita Papa Tulia, juu kabla ya kupiga picha alisema neno hilo moja tu, kwa sauti ya kamanda. Ndani, nyuma ya magunia, pazia lake lilikuwa bado limetundikwa: meli nyeupe juu ya ziwa la buluu ambayo hakuna ziwa linaweza kuwa nayo, na vumbi la makala lilikuwa limeigeuza meli hiyo ikawa inasafiri usiku. Kulinukia makala na siki. Na pembeni, mabeseni. Negatifu zilikuwa zimejaa kama sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni, zimekatwa vipande vipande, bila jina, bila tarehe. Mama Kavira hakujua kitu cha kazi ya bwana yake; alijua tu kuzifunika mvua ikinyesha. Miye ndiye niliyegundua kwamba telefone inaweza kugeuza rangi: unashikilia negatifu mbele ya dirisha, unaweka kamera, na mutu mweupe mwenye meno meusi anarudi kuwa mutu. Wa kwanza niliyemugeuza alikuwa bwana harusi mwenye suti pana kama hema. Mama Kavira alimuangalia, akasema, «Huyu alikufa. Na ile suti ilikuwa ya kuazima.»

Mwaka ule wote, baada ya masomo, nilikuwa pale, kipande cha Koko mufukoni, nikilinganisha miguu. Sikujua kwamba ukitafuta miguu ya mutu mumoja unapita muji wote. Papa Tulia alikuwa anashuka ziwani kila Yenga, ndiyo Jumapili, na watu walikuwa wanamufuata baada ya misa na nguo zao za kanisani, na aliwapiga mahali pamoja, penye mchanga, karibu na bandari. Niliona bandari wakati ilikuwa na mabohari yasiyokuwa na tundu la risasi. Niliona watoto wanaogelea na mipira ya gari, wamama wanaosuka wakiwa wameketi juu ya mawe, barza za nyumba za wazungu zilizokuwa zimeshaliwa na maua. Nilianza kuwaita watu. Mama muuza fufu alikuja akamuona papa yake anashusha ndizi toka Idjwi. Wazee wa kinyozi walikuja, wakagombana kutwa nzima mbele ya telefone yangu kama muti mumoja wa kwenye picha ulikuwa upande huu wa kituo cha petroli au ule, na hakuna aliyeshinda, juu muti wenyewe, kituo chenyewe na barabara yenyewe viko chini ya lava ya kwanza. Mumoja wao alikuwa anasema tu, «Lakini nilikuwa ninasimama hapa. Miye nilikuwa ninasimama hapa,» akigonga kioo kwa kucha, hadi nikaogopa atanipasulia.

Ni wakati huo niliona jambo la ajabu. Kila mutu alikuwa mara mbili. Picha ya kwanza, amekaza uso, mikono kwenye mapaja. Ya pili, mutu yule yule mahali pale pale, lakini mambo yameharibika: anakuna tumbo, anamupiga mutoto kofi, anacheka na mutu asiyeonekana. Nikamuuliza Mama Kavira kama bwana yake alikuwa na mukono unaotetemeka.

«Yule, mukono kutetemeka?» Akaacha kupima makala. «Alikuwa anawaambia, ‹Tulia.› Anapiga. Anawaambia, ‹Imeisha.› Wanapumua. Hapo anapiga tena. Ile ya kwanza ilikuwa yao. Ile ya pili ilikuwa yake.»

«Walikuwa wanajua?»

«Nani angekubali? Watu wamevaa, wamepaka mafuta, unawapa foto wako wanajikuna? Alikuwa anasema, mutu akitulia anafanana na watu wote.»

Kulikuwa na beseni moja ambayo hakupenda niiguse, na kwa hiyo niliigusa. Ilikuwa ya wakati wa waasi wa kwanza, walioingia Mama Kavira akiwa bado na mimba ya mutoto wake wa pili. Vijana walikuja studio na silaha, wakataka bunduki ionekane na meli ionekane. Mumoja alikuwa sawa na miye kwa urefu, kandambili za plastiki, kofia inayomuanguka machoni. Picha ya kwanza, kidume. Ya pili, amefunika uso wote kwa kofia, na bunduki ameiegemeza kwenye meli kama mwiko jikoni. «Alisema tuitume kwa mama yake,» Mama Kavira akasema. «Hakuacha jina la kijiji. Alisema atarudi kulisema.» Nilikuwa na masihara matatu tayari mudomoni kuhusu zile kandambili. Niliyameza yote, na hiyo haikuwa desturi yangu.

Masihara niliyatumia kwa prefe, mwalimu mukuu wa shule yetu. Nilimupata kwenye beseni ya tatu, kijana, nywele kama kichaka, suruali inayofagia mchanga. Picha ya kwanza ameangalia mbali kama anayeona Uhuru ukifika kwa mutumbwi, ya pili anafukuza bata aliyechukua soksi yake. Kabla ya rikreasio, saa ya mapumuziko, darasa zima lilikuwa nayo. Baada ya rikreasio niliitwa kwenye biro, ofisi yake. Prefe alinyoosha mukono, nikampa telefone. Akaangalia muda murefu kuliko adhabu inavyohitaji.

«Pale ziwani,» akasema, «kulikuwa na bata wengi.»

«Ndiyo, prefe.»

«Ile ya kwanza utanifanyia kubwa. Ile ya pili tutaizungumuza siku ya kutoa matokeo yako.» Nilipofika mulangoni akaniita tena. «Dieume. Yule anayeonekana nyuma, na shati ya mistari, unaweza kumufanya kubwa pia?» Sikuuliza ni nani.

Koko alipatikana siku ya mvua, makala hayauziki, Mama Kavira anakaanga karanga juu ya jiko katikati ya studio. Niliona kwanza mbayuwayu wa kitenge, wakiwa weupe juu ya weusi. Nikalinganisha miguu. Nikalinganisha vidole viwili na mukono mudogo. Nikageuza rangi, na Koko akatoka na tribunali yake yote usoni, vilevile kama alivyokuwa ndani ya sanduku. Nilitaka kukimbia nyumbani nayo hapo hapo. Mama Kavira akanishika shati. «Songesha mbele kidogo,» akasema. «Kuna ile ya bwana yangu.» Nikasogeza negatifu kwa kidole. Nikaangalia. Nikamupa telefone aangalie yeye, juu miye sikuwa ninaona tena vizuri.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilishuka kwanza ziwani na telefone ndani ya koti, nikatafuta mahali pao kwa kufuata mabega ya kilima yanayoonekana nyuma ya Koko. Nilipofika, hakukuwa na mchanga wala maji. Lava ya kwanza ilikuwa imeingia ziwani hapo na kuongeza nchi. Nilikuwa nimesimama juu ya mawe meusi, kuna nyumba, kuna mama ametundika nguo kwenye kamba, na ziwa liko kule mbele likipiga mahali pengine. Koko alikuwa chini ya viatu vyangu, miguu majini. Ninarudi hapo mara kwa mara, zaidi sasa ambapo muji umebadilisha wenye kuutawala tena na watu wanaongea polepole. Waasi walipokaribia mara hii, mizinga ikilia upande wa Sake, mama hakutuma mutu chumbani. Sanduku nilikuwa nimeshalikumbatia. Na simbiliki wote tulikuwa tumewala muchana, na sombe ya majani ya muhogo, bila mutu kutoa maelezo.

Lakini siku ile ya mvua mama alikuwa jikoni anakaanga sambaza. Simbiliki walikuwa wameshazaana chini ya meza, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anawakatia majani, miezi yote hiyo, bila kuniambia neno juu ya sanduku. Nilimupa telefone na picha ya kwanza. Akafuta mikono. Akaangalia, akatikisa kichwa polepole, kama mutu aliyepokea salamu ya mbali. Akawa ananirudishia. Nikasema, «Ngoja, mama. Papa Tulia alisema imeisha.» Nikasogeza.

Katika picha ya pili Koko ameketi ndani ya ziwa. Ameteleza. Kitenge kimejaa maji kimepanda kama puto, ndege wote wako juu, mudomo wake uko wazi hadi unaona pengo la jino pembeni, na yule binti mudogo, mama yangu, anamuvuta vidole viwili kwa nguvu zote, naye pia anakaribia kuanguka, wote wawili wamekufa kwa kicheko. Mama aliangalia. Nilisikia sambaza zikianza kuungua, na mama yangu haunguzi sambaza. Neema alikuja mbio kwa sababu ya moshi, akamukuta ameketi chini kati ya simbiliki, telefone karibu na uso, akitoa sauti ambayo hatukujua kama tumushike au tumuache. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akalia, akaomba nimuonyeshe ile ya kwanza, halafu tena ya pili, halafu ya kwanza. Kisha akainuka, akaondoa sufuria kwenye moto, akanigeukia. Akasema:

«Dieume. Siku tutakimbia tena, unabeba foto. Simbiliki tutawakula mbele ya kutoka.»